Mpira Uliokwenda Moja kwa Moja

Wifi yangu,

Nimekaa kibarazani na kalamu ya kaka yako Elia, na yeye amepita mara mbili akijidai anatafuta jembe. Ameniuliza naandika nini. Nimemwambia, "Namwandikia dada yako." Zamani angenicheka mpaka majirani wasikie, huyu mume wangu unamjua, lakini leo ameenda kuchochea moto. Nina neno la kukupa. Kila nikilianza linanishinda, kwa hiyo nivumilie, nitaanza na mengine.

Mazishi yako yalijaa watu. Wenzetu wa timu walipanda kutoka Mombo wamesimama nyuma ya lori la kabichi, wamejifunga kanga zinazofanana. Mchungaji alihubiri vizuri, ila alisema marehemu alikuwa "mpenda michezo", kama vile ulikuwa ukicheza bao na wazee. Nilikaribia kumkatiza. Golikipa wa taifa unamwita mpenda michezo? Basi, nikameza.

Tulipofika kaburini tukazuiwa. Yule Mzigua fundi baiskeli, mtani wetu, alikuwa ametangulia. Amesimama ukingoni, kavaa magunia mikononi badala ya glavu, miguu kaitanua, anarukaruka vile ulivyokuwa ukifanya wewe kabla ya penalti. Akasema hapa hapiti mtu mpaka afungwe goli. Mama analia, waliobeba jeneza wanahema, na yeye anatemea mate magunia yake. Ikabidi watoto wakimbie kuleta mpira wa matambara. Elia akapiga, Mzigua akauacha upite katikati ya miguu yake, akaanguka chali akijilaumu kwa sauti. Watu walicheka huku wanalia. Ndiyo kazi ya watani, na mimi bila yeye sijui ningesimamaje pale.

Mama hajambo, ila amepungua. Sabuni bado ni shida, tunapanga foleni kwenye duka la ushirika na mara nyingi tunarudi na chumvi tu. Na ule uwanja wako wa nyuma ya nyumba ameupanda kabichi. Usikasirike. Alikaa kipindi kizima cha baridi hataki hata kuku wapite pale, kisha siku moja asubuhi nikamkuta anachimba mashimo. Nikachukua jembe nikamsaidia.

Ule uwanja ndio ulionirudisha nyuma. Nikawa nalima na nakumbuka mwanzo wote.

Walipotukusanya katika kijiji cha ujamaa, sehemu tambarare ilichukuliwa na shamba la pamoja, na uwanja wa mpira ukapewa ule mteremko wa juu ya mto. Wanaume walicheza, sisi tukaokota mipira. Mpira ukitoka upande wa bondeni umekwenda, mtu ashuke mpaka mtoni na kupanda tena. Wewe ulichoka kushuka. Ulisimama pale pembeni ukawa unaudaka kabla haujakupita, kanga umeibana kiunoni, na wala hukuwa unacheza, ulikuwa unakataa kushuka tu. Yule mwalimu wa elimu ya watu wazima ndiye aliyekuona. Tulikuwa darasani kwake kila alasiri, akina mama na mabinti, tunasoma silabi, na tukimaliza anatupa mpira wake mmoja wa ngozi. Akakuweka golini. Mimi akaniweka beki kwa sababu, alisema, nina mdomo.

Kweli nilikuwa nao. Nilikuwa bi harusi mgeni kwenu, naogopa kukuita jina lako mbele ya mama, kwa hiyo uwanjani nilikuwa napayuka, "Wifi, toka! Wifi, kaa! Wifi, wako!" Watu walikuwa wanakuja kusikiliza hilo tu. Tukachaguliwa timu ya wilaya, tukachaguliwa ya mkoa. Kisha ikaja ile habari kwamba akina mama wa nchi yetu watakwenda Mombasa kucheza mechi ya ujirani mwema na akina mama wa kule, na kwamba kutoka milimani wanatakiwa wawili, kipa na beki mmoja. Mama alisema hakuna mtoto wake atakayevaa kaptula mbele ya Wakenya. Ukamwambia utavaa soksi ndefu. Akafikiri, akakubali, na mpaka leo sijui zile soksi zilimshawishi vipi.

Ilikuwa mechi yako moja ya kimataifa, wifi. Moja. Tulivaa jezi za kijani zenye jina la nchi kifuani, tukaimba wimbo wa taifa, na wewe ukauimba umefumba macho. Joto la pale lilikuwa la kututoa roho. Uwanja wenyewe ulikuwa tambarare hata ukauliza maji ya mvua yanaelekea wapi. Ulidaka vizuri. Nasema vizuri kwa sababu nilikuwepo, ingawa baadaye hukutaka mtu aliseme.

Karibu na mwisho, ule mpira. Yule dada mwembamba wa namba tisa, Rukia, aliupiga hata si kwa nguvu. Ulikuwa unabingirika chini, mtoto angeusimamisha. Wewe ukajitupa kushoto. Kwetu ungekuwa sahihi kabisa, maana kwenye uwanja wetu kila mpira unaobingirika ukikaribia goli unakata kwenda bondeni, na kipa anayeusubiri katikati ameumia. Mwili wako ulikuwa unajua hivyo. Lakini pale hapakuwa na bondeni. Mpira ulinyooka ukapita pale pale ulipokuwa umesimama. Uwanja mzima ukacheka, refa akapuliza, moja bila.

Tulirudi kwa basi kupitia Mombo. Basi lilipoanza kupanda mlima ndipo ukaniambia, "Ulikwenda moja kwa moja, wifi." Nikakwambia yamekwisha, tutawafunga kwetu, maana walikuwa wameahidi kuja kwa mechi ya marudiano. Ukasema, "Siyo kuwafunga. Nataka anipigie tena mpira ule ule."

Jamani, maneno yale uliyaishi. Ulichukua jembe ukaanza kukata mlima nyuma ya nyumba. Majirani wakadhani unatengeneza matuta, wakakusifu kwamba umeacha utoto. Bwana shamba alikuja kukupongeza kwa kuzuia mmomonyoko. Kumbe unatafuta mahali tambarare pa kusimamia. Ulipima kwa sahani ya maji, maji yakiegemea upande unachimba tena. Palipokamilika ukawapanga watoto wa kijiji wakupigie mipira ya chini, ya polepole, jioni kwa jioni. Wewe umesimama katikati, hujitupi, unajifundisha kubaki.

Wakatuita kambini Tanga kwa ajili ya marudiano. Ulikuwa umeshafunga kibegi. Siku chache kabla ya safari, redio ya mwenyekiti ikasema mpaka wa Kenya umefungwa. Tulisimama pale nje ya ofisi ya kijiji na mizigo yetu. Ukamuuliza mwenyekiti utafunguliwa lini, na yule mzee wa watu akajibu kwamba wakubwa wakigombana sisi tunasubiri.

Ukasubiri. Wengine tulizaa, tukanenepa, tukaacha. Timu ilikufa yenyewe. Wewe ulimkataa yule bwana wa Bumbuli, mtu mzuri na mwenye ng'ombe, kwa sababu alisema mpira utaucheza mpaka siku ya harusi, basi. Mama alilia mwezi mzima. Kila jioni uko kwenye uwanja wako, na watoto waliokupigia mipira walikua, wakaja wadogo zao kukupigia. Mimi nilikuwa nakutazama kutoka jikoni na moyo unaniuma, wifi, na sikujua nikuambie nini. Mtu anaweza kuambiwa aache pombe. Nani anamwambia mwenzake aache kungoja?

Kisha homa ya mapafu ikakuondoa kwa siku chache, katika baridi ile.

Sasa neno lenyewe. Mpaka umefunguliwa.

Ulifunguliwa wakati wa mvua za vuli. Mahindi yaliyopandwa baada ya mazishi yako yalikuwa hata hayajafika kiunoni. Redio ile ile, ofisi ile ile. Watu walishangilia wakakumbatiana, kila mtu anataja sabuni na mafuta ya kupikia. Mimi nilirudi nyumbani nikakaa chini jikoni. Elia alikuja akakaa karibu yangu. Nilikuwa na hasira, nikwambie ukweli, na sikujua nimkasirikie nani. Ungevumilia kidogo tu. Au wao wangewahi kidogo tu.

Nikadhani hilo ndilo chungu kuliko yote. Kumbe bado.

Wiki iliyopita nilikuwa sokoni Lushoto na karoti zangu. Nikasikia watu wanacheka upande wa nguo. Kuna mama kutoka Mombasa ameleta kanga na sabuni za kuuza, na kila anayemkaribia anamuuliza, "Samahani, namtafuta Wifi." Watu wanamjibu, wifi wa nani, mama, hapa kila mtu ni wifi wa mtu. Anasema, Wifi golikipa. Nikaacha karoti zangu. Nilisogea nikamtazama. Amenenepa, ana miwani, lakini ile miguu ya upinde niliikimbiza mchana mzima, nisingeikosea.

Alikuwa Rukia, wifi. Alinikumbatia kabla sijafungua mdomo. Aliniambia, "Wewe ndiye ulikuwa unapiga kelele," akaangua kicheko.

Nikamweka chini nikamwambia umefariki. Akajifunika uso kwa buibui, kisha akakuombea dua kwa dini yao. Baadaye ndipo akasimulia. Wao walidhani Wifi ndilo jina lako la uwanjani, kwa vile nilivyokuwa nalipayuka. Anasema kipindi cha kwanza kuna mpira aliupiga mwenyewe kwa kichwa, wewe ulikuwa umeshaanguka upande mwingine, ukageuka hapo hapo chini ukautoa kwa mkono mmoja. Sikuukumbuka. Naapa, nimejaribu wiki nzima na siukumbuki. Lakini mtaani kwake unasimuliwa mpaka leo. Watoto wakipanga timu hawaulizi nani kipa. Wanauliza, "Leo nani Wifi?" Kipa akidaka, wote wanapiga kelele, "Wifi!" Vitoto vya kiume, vilivyozaliwa wakati mpaka umeshafungwa, havijui hata neno hilo limetoka kwa nani.

Nililia pale sokoni bila aibu. Miaka yote ile unachimba mlima, na ng'ambo unaimbwa, na hapakuwa na mtu wa kuvuka kuja kukwambia.

Nikamuuliza kuhusu goli lake. Nilitaka tu asikie habari za uwanja wako, ajue ulivyomngoja. Akakunja uso. Akasema, "Goli? Nilijua tulishinda. Nilifunga mimi?"

Wifi, hakukumbuka. Uliubeba mpira ule mpaka kaburini, na aliyeupiga amekwishausahau.

Sikumsimulia. Nilimpa karoti za kupeleka nyumbani, akanipa sabuni mbili, moja ya mama. Anasema akina mama wachache wa zamani wanataka tukacheze, hata kwa kutembea, alimradi tuonane. Nimekubali. Mwalimu ni mzee lakini anataka kuja. Magoti yangu hayafai, Elia anasema nitarudishwa kwa machela, na mimi nimemwambia aandae machela basi.

Sina cha kukuomba. Nilitaka ujue, ingawa nimechelewa, na kuchelewa huku kutaniuma maisha yangu yote. Kama huko mlipo mnasikia yanayosemwa duniani, basi ulikwishasikia, na mimi nakurudishia habari ya zamani. Kama hamsikii, nimeisoma barua hii kwa sauti nilipokuwa naandika.

Nikifika Mombasa nitakwenda mtaani kwa Rukia, nitawakuta wale watoto, nitawaacha wacheze mpaka wachoke. Halafu nitawakalisha chini niwaambie wanamwita nani. Niwaambie ni dada wa mume wangu, alizaliwa milimani, hakuolewa, na alikuwa anaitwa Tabita.

Lala, Tabita. Mimi bado naogopa kukuita hivyo mbele ya mama.

Wifi yako,
Rebeka