Mjomba Alileta Kadi ya Fahali

Haya majembe wangu wa Kakamega, barua ya leo imetoka upande wa Iguhu, isomeni mkiwa mmekaa chini.

"Mpendwa mshauri, naomba msaada haraka, mimi naitwa Jescah, najitoleanga kwa zahanati yetu kupanga wagonjwa kwa benchi, sasa korona iliporudi na foleni ikawa ndefu nikajiamulia tu mwenyewe, waliochanjwa mbele, wenye walikataa nyuma karibu na choo, si walijitakia? Watu wakadhani ni sheria ya serikali wakanyamaza. Basi Jumamosi mjomba wangu Shikanga akaletwa kwa wilbaro na wapiga ngoma wake, fahali wake alikuwa ameshinda pigano, yeye akaruka uwanjani kucheza ngoma ya isukuti na fahali akamkanyaga mguu, nikamwambia, 'Mjomba, kadi ya chanjo?' akanipatia, nikasoma: Jina, Tyson. Umri, miaka sita. Pembe ya kushoto imepinda. Nikasema, 'Mjomba, hii ni ya ng'ombe!' akanijibu, 'Si tunalala boma moja? Yeye alidungwa kwa niaba yetu sote!' Nikamsukuma nyuma. Akangoja masaa matatu akinitukana kwa wimbo, na wapiga ngoma wake wakiitikia, halafu akaenda nyumbani bila kutibiwa. Sasa mguu umekuwa mweusi na ameapa hakanyagi hapo tena, mama hanisemeshi, na siri yenyewe, mshauri, hata mimi sijachanjwa, naogopa sindano. Nifanye nini?"

Jescah dadangu, nimecheka mpaka nikakohoa, halafu nikakasirika. Nani alikupa cheo? Chanjo ya korona na kukanyagwa na fahali vinahusiana wapi? Mjomba alikosea kukataa, sawa, wabishi kama yeye wananichosha hata mimi. Lakini hospitali si mahali pa kulipiza. Anatangulia mwenye ameumia zaidi, kwisha. Na wewe ulikuwa unahukumu watu na mkono wako haujawahi kuona sindano, aki!

Usingoje kesho. Weka jibu hili chini, tafuta wilbaro, nenda upige magoti kwa mjomba. Akikutukana, itikia. Msukume mwenyewe mpaka mlango wa zahanati, mwambie sista wa zamu mpango wa benchi ulikuwa wako, asitafute mwingine wa kulaumu. Mguu ukishatibiwa, kunja mkono wa nguo udungwe mjomba akiona. Utalia, atakucheka, na hapo ndio umuulize kama yeye ni mwanaume kukushinda, naye pia atoe mkono.

Na wewe unayesoma, usijifanye malaika. Umechanjwa, kikohozi chako ni kidogo, umefika saa kumi na mbili asubuhi, halafu mbishi mmoja mwenye mguu mweusi anasukumwa mbele yako. Unasonga, ama unapiga kelele?