Tochi ya Kumbikumbi

Kwapa, Tororo
Jumatano

Mpendwa Dada Mable,

Yoga noi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kazi ya kupokea wageni wazamiaji huko pwani inakwenda vyema. Sisi hatujambo. Mtama umeota, na goti la Mama limetulia. Nakuandikia kwa sababu simu ni moja, na Mama huifungulia sauti kijiji kizima kisikie.

Ulitusimulia jinsi vitu vya wageni vinavyoibwa kambini kwenu, na jinsi mlinzi wenu Ebong alivyosingiziwa, akapigwa na vijana wa ufukweni kisha akafungwa. Ulisema mgeni aliyeibiwa tochi alizamia na nyingine mbovu, ikamzimikia kwenye miamba, nusura hewa imwishie. Tochi yake, ulisema, aliitia alama kwa rangi nyekundu ya kucha.

Basi kaka yetu Eriku, anayejaza mitungi ya hewa hapo hapo kwenu, akaja likizo. Unamjua kwa mbwembwe. Alimletea Mama tochi, akaitumbukiza kwenye ndoo ya maji mbele ya majirani, ikaendelea kuwaka! Mama akaitumia kukamatia kumbikumbi. Jumapili akamwombea Ebong kanisani, na Eriku akaitikia amina kuliko sisi sote. Jioni hiyo nikawa naifuta tochi mabawa ya kumbikumbi, nikaiona ile rangi nyekundu shingoni mwake.

Ijumaa Eriku alibeba mfuko kwenda sokoni Busia. Nilimkuta amezungukwa na watu, ametumbukiza saa za wazamiaji kwenye beseni la muuza samaki, anajisifu. Kijana mmoja akamuuliza, “Wewe, hii vitu umetoa wapi?” Eriku akababaika. Mara nikasikia, “Mwizi huyo!” Watu wakaokota mawe. Nilipiga kelele lakini nani angenisikia? Jiwe la kwanza lilimpata begani, ndipo polisi wawili wakapenya wakamchukua.

Huko sokoni kila mtu anasema Mungu alimwokoa. Dada, polisi niliwaita mimi. Nilipitia kituoni kabla ya kwenda sokoni, nikataja jina lake, nikawaomba wamchukue kimyakimya. Walichelewa kidogo tu, na kidogo hicho nusura kimuue.

Sasa nampelekea chakula kituoni kila siku. Hunishika mkono akanishukuru, akisema nimebaki mimi peke yangu ambaye sijamtupa, kisha huniomba nimtafutie aliyemchongea. Mama anadhani amerudi kwenu. Bado anamwekea kumbikumbi wa kukaanga kwenye kikopo.

Nenda kwa wakubwa wako leo, Ebong atolewe. Kisha mpigie Mama, mimi siwezi. Na Eriku akikuuliza ni nani, mwambie. Nimejaribu mara mbili kumwambia mwenyewe, nikaishia kumuuliza kama chumvi imetosha.

Msalimie Ebong akitoka, umpe pole kutoka nyumba yetu. Mungu akulinde.

Mdogo wako anayekupenda,
Akiror