Bunduki ya Bure

Nyamirambo, Februari 1994

Kaka Usumani,

Salamu nyingi huko Bukoba. Mahindi yangu ya shamba la Ndera yameiva, na nguruwe wa porini wanayala kama wameyalima wao.

Unauliza kama nitabadili bunduki. Jirani yetu Kaze ananipa nyingine bure, ya risasi nyembamba, eti risasi nene za yangu hazipatikani tena. Tangu lini Kaze akatoa kitu bure? Nikamwambia, "Hiyo haimwangushi nguruwe." Akawatazama watoto wawili wa Mutabazi, yule jirani yetu Mtutsi, wakicheza uani kwao, akasema, "Kwa karibu inatosha."

Nimemjibu bega linaniuma, siwindi tena.

Jumatatu wanangu wawili wanakuja kwako likizo. Wakifika wanne, wapokee. Wote ni wangu.

Mdogo wako,
Sefu