Mke Wangu Yuko Thailand, na Nyumba Yetu ni Pazia la Studio

Shikamoo Bi Zamzam,

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako, lakini kwanza nakusihi haya ninayoyaandika yabaki kati yako na mimi, usimsomee mtu hata mmoja, na kama ni lazima yatoke gazetini basi yatoke mahali ambapo watu hawasomi.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na saba, karani wa nyaraka katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini, ofisi yetu iko Gerezani, na kazi yangu ni kukagua karatasi za watu ili zisikwame, kwa hiyo utaelewa aibu yangu nikikwambia kwamba zilizokwama sasa ni zangu. Mke wangu ni Mthai, anaitwa Nurainee, Mwislamu wa kusini mwa nchi yao, alikuwa akiwafungia mizigo ya nguo wafanyabiashara wa Kariakoo wanaonunua Bangkok, nami nikawa namwandikia kila siku kumuuliza idadi ya katoni, tukaulizana katoni mwaka mzima mpaka siku moja akaniuliza kama nimekula. Alikuja Dar, tukafunga ndoa msikitini mbele ya watu, cheti ninacho, tukaishi miezi mitatu kwa shangazi yangu Hajira, Mchikichini, kisha muda wake wa kukaa nchini ukaisha akarudi kwao, na sasa ana mimba ya miezi saba. Ninaomba viza ya muda mrefu, ya mume wa raia wao, ili nimfikie kabla hajajifungua.

Kilichoniponza ni picha. Niliambiwa nipeleke picha za mume na mke wakiwa nyumbani kwao, sebuleni, jikoni, chumbani na mbele ya mlango, pamoja na ramani ya kufika hapo. Bi Zamzam, sisi tulikuwa tunalala chumba cha mwisho, ambacho ni stoo ya shangazi ya mabelo ya mitumba, kitanda kimebanwa na mabelo pande tatu, na mlango ni khanga iliyotundikwa. Shangazi alitupiga picha nyingi kwa simu yake, lakini humo Nurainee amekaa juu ya belo anachambua viatu, au anagombania pilipili na shangazi jikoni, au mimi nimesinzia na fulana iliyotoboka, picha ambazo mtu mwenye akili timamu hawezi kuzipeleka kwa serikali ya watu. Kwa hiyo kabla hajaondoka nilimpeleka studio kwa Ridhiwani, Kariakoo, ambako kuna pazia la sebule, pazia la jiko, kitanda cha maharusi chenye taulo zilizokunjwa kama bata, na mlango wa boksi wenye namba 14. Nurainee alicheka mpaka akakaa chini. Nikamwambia asicheke, haya ni mambo ya serikali. Ramani niliichora mwenyewe kwa rula, na kwa kuwa mkono wangu haujui kudanganya kwenye ramani, inamfikisha mtu mlangoni kwa Ridhiwani.

Wiki iliyopita niliitwa Posta, kwenye ofisi inayopokea maombi. Dada wa dirishani akaziangalia picha, kisha akaniangalia mimi.

"Kaka, hongera kwa nyumba nzuri."

"Ahsante, dada."

"Mwezi huu wenzako watatu wameniletea nyumba hii hii. Na bata ni hao hao."

Hapo ndipo ningesema ukweli, lakini mdomo ukajibu wenyewe: "Ni nyumba ya familia."

"Aa, ya familia!" akasema, akaandika. "Basi Alhamisi ijayo uje na mwenye nyumba."

Nilimweleza Beno, ninayekaa naye meza moja ofisini. Akasema, "Oya, si umpeleke Ridhiwani? Nyumba ni yake kweli, kila siku anaikunja na kuikunjua." Ridhiwani amekubali, tena kwa furaha, ameuliza kama avae ile suti ya kukodisha maharusi. Nurainee akipiga simu namwambia karatasi zinakwenda vizuri. Je, nimpeleke Ridhiwani, au nisiende kabisa?

Ukitaka kunipata usipige simu ya ofisini. Piga kwa Rajabu, fundi cherehani aliye mkabala nasi, sema unaulizia vifungo vya kijani, nitaelewa.

Karani Mwenye Hofu, Gerezani
(neno Gerezani tafadhali lifute)

BI ZAMZAM ANAJIBU:

Marahaba, mwanangu. Majina nimeyabadilisha. Gerezani nimeiacha, kwa sababu makarani huko ni wengi na wenye hofu ni wengi zaidi.

Pole. Kumkosa mkeo akiwa na mimba ya miezi saba si jambo la kuchekesha. Mengine yote uliyoandika yanachekesha, na mkeo ndiye wa kwanza aliyeliona hilo, tena palepale studio, ukamnyamazisha.

Sasa kaa nikuseme. Yule dada wa dirishani kazi yake ni kukamata ndoa za uongo zenye karatasi nzuri. Wewe una ndoa ya kweli, ukaihangaikia mpaka ikafanana na ya uongo. Wewe mwenyewe ukiletewa mzigo ambao karatasi zake hazina hata mkunjo, hushtuki?

Ridhiwani usimpeleke. Ataulizwa choo kiko upande gani, na pazia halina choo. Mkiandikwa wadanganyifu hamtaandikwa kwa penseli, na mwanao atakujua kwa sauti ya simu. Kutokwenda nako ni kukiri bila kujitetea. Utakwenda.

Leo hii mpigie Nurainee umwambie yote. Kisha andika barua ya nusu ukurasa, nusu tu, najua unavyoandika: picha zile ni za studio, nyumba ya familia haipo, tuliishi kwa shangazi, naomba radhi. Chora ramani nyingine. Chukua simu ya shangazi, zisafishe zile picha zote, na ya belo la viatu uiweke juu kabisa. Hakuna mtu Kariakoo anayekodi studio ili akae juu ya belo. Alhamisi uongozane na Shangazi Hajira, maana mwenye nyumba ndiye yeye. Akiulizwa kuhusu pilipili, aeleze ugomvi wote bila kupunguza.

Huenda wakakukatalia, siwezi kukuahidi. Lakini aliyekataliwa akiwa amesema ukweli anaweza kuomba tena. Wale ndugu zako watatu wa nyumba namba 14, kama wanasoma hapa, nao wajiangalie.

Kwa Rajabu sipigi, vifungo sihitaji. Ukiniandikia tena, weka anwani kamili: kwa Hajira, Mchikichini, chumba cha mwisho, mlango wa khanga. Hapo ndipo ulipoishi na mkeo. Anza kuzoea kupaandika.