Jaribio la Arobaini na Moja

Jumatatu, 3 Machi
Jaribio namba 41 litanitia wazimu! Tangu asubuhi nyekundu, kijani, nyekundu. Kiraka chochote, yaani badiliko lolote la programu yetu ya bure ya pampu za dripu, lazima kipite kwenye mashine yangu — majaribio sitini na mawili, yote yawe kijani, ndipo kiingizwe. Sitini na moja hayana neno. Hili moja tu: umeme ukatike katikati ya dozi, ukirudi pampu iendelee ilipoishia. Linafeli, ukirudia linapita. Na watu wananifokea mimi, utadhani nimelizaa! Mwenyekiti wa mradi kasema nilitafutie dawa.

Nimeipata. 41 likifeli, mashine irudie yenyewe kimyakimya, hadi mara kumi. Likipita hata mara moja, kijani. Mstari mmoja tu. Nikaenda zangu kufua.

Alhamisi, 6 Machi
Raha mustarehe, hakuna malalamiko. Kobe katuma kiraka. Mwalimu mstaafu wa fizikia huyu — jina tulimpa kwa jinsi anavyochelewa kujibu meseji, na mwenyewe analicheka. Kijani. Nikakiingiza bila kukisoma chote. "Ahsante mwanangu," kaandika.

Jumanne, 18 Machi
Muuguzi ametuandikia. Wodini kwao wanatumia toleo letu jipya, lenye kiraka cha Kobe. Umeme ulikatika, ukarudi, pampu ikaanza dozi upya toka sifuri, juu ya ile iliyokwisha kuingia. Mgonjwa alikuwa mama wa watoto watatu. Amefariki.

Nimeisoma nimesimama. Sijui kwa nini nilisimama.

Jumatano, 19 Machi
Nimefungua kumbukumbu za mashine. Kiraka cha Kobe: 41 lilifeli mara tisa. Ya kumi likapita. Mara tisa, Mungu wangu! Lilipiga kelele mara tisa, na mimi ndiye niliyeliziba mdomo. Hizo tisa naziona mimi peke yangu. Wengine wote wanaona kijani.

Mume wangu kauliza mbona sili. Tumbo, nikasema.

Alhamisi, 20 Machi
Kwenye kundi la mradi wamejua ni kiraka cha Kobe, wamemvaa. Eti kazeeka, akalee wajukuu. Mwenyekiti anasema kiraka kilipita majaribio yote, kwa hiyo kosa lilifichwa kwa ujanja. Ujanja! Kobe? Kesho kikao, wanapiga kura wamfukuze. Nimeandika ukweli mara nne, nikafuta mara nne. Mwoga mkubwa mimi.

Ijumaa, 21 Machi, saa nane mchana
Kikao kinaendelea, naandika huku nasikiliza kwenye laptopu. Kobe kapewa nafasi. Hajitetei! Kasema kakipitia kiraka chake siku tatu, kosa halioni, ila lazima lipo, maana mashine ya binti yetu — mimi huyo! — yeye anaiamini kuliko macho yake. Kasema muuguzi kamwombea ruhusa ya kwenda kwa ndugu wa marehemu. Kesho anapanda basi la kwanza, akawaangukie miguuni.

Kesho!

Mwenyekiti anauliza kama kuna mwenye la kusema kabla ya kura. Nimewasha maiki. Wameona. Mwenyekiti kaniita mara mbili, wanachosikia ni kilio changu tu. Na Kobe, jamani, Kobe anawaambia waniache, wasinisumbue, eti binti huyu ana huruma, analia kwa ajili yake —