Usuluhishi Machinjioni

Jumatatu, 4 Machi

Harufu ya damu na dawa ya kusafishia imeganda kwenye nguo zangu. Meneja wa machinjio alinipokea mlangoni, hata salamu hakumaliza: niwapatanishe wafanyakazi wake wawili leoleo, kuna oda kubwa. Nikamwambia mimi msuluhishi, si hakimu wala fundi bomba. Nasikiliza, nawakutanisha. Mapatano wanayatunga wao.

Kisa chenyewe: Msimamizi wa zamu alimchapa Mchunaji mgongoni kwa mnyororo wa kuinulia nyama, mbele ya wenzake wote. Mchunaji akaendelea na kazi. Baada ya chakula akamfungia Msimamizi kwenye chumba cha baridi. Dakika arobaini! Alipotolewa hakuhisi vidole. Wote wawili hawataki polisi waitwe. Wanataka kazi.

Jumanne, 5 Machi

Mmoja mmoja leo. Sharti lilelile kwa kila mmoja: unachoniambia hapa hakitoki, ila roho ya mtu ikiwa hatarini.

Msimamizi — miaka thelathini na moja, mcheshi. Anasema naye alifundishwa kazi kwa kipigo, na mbona amekuwa mtu? Mchunaji ana hamsini na nne. Aliikoroga chai mpaka ikapoa. Kisha: "Dada, yule ni rika la mwanangu wa kwanza. Kanichapa kama punda." Mgongo hajamwonyesha mtu, hata mkewe.

Siegemei upande. Ndiyo kazi. Lakini mkono ulikuwa mzito kuandika "pande zote mbili".

Jumatano, 6 Machi

Nimeshonwa nyuzi nne juu ya jicho!

Niliwaketisha pamoja mapema mno. Kosa langu. Walianza vizuri. Msimamizi akaomba radhi, nusunusu, kisha akacheka — hofu tu, naapa ilikuwa hofu. Mchunaji akavuka meza. Akamkaba koo, akamgonga kichwa ukutani, mara mbili, mara tatu. Nikajitia katikati. Msimamizi akachomoka, akarusha kiti. Alimlenga mwenzake, kikanipata mimi. Damu kwenye fomu zote.

Mume wangu: acha kazi hii, watakurudisha kwenye jeneza. Mama kwenye simu: "Tangu utoto unaamulia kuku wanaopigana wewe." Nikacheka, nyuzi zikauma.

Alhamisi, 7 Machi

Mke wa Mchunaji kapiga simu, ananong'ona. Mumewe karudi nyumbani na kisu cha kuchunia. Miaka ishirini hajawahi. Anakinoa tangu alfajiri. "Usiseme nimekwambia, dada yangu. Ataanza na mimi." Nikamwambia aende kwa ndugu zake. Kakataa: nani atamshika mkono?

Nikinyamaza, maiti. Nikisema, atajua nani kasema. Mwishowe nikampigia meneja: kesho kila anayeingia apekuliwe, bila kutaja mtu. Nikampigia Msimamizi: usitoke nyumbani leo, roho yako iko hatarini. Akajibu: "Aje."

Ijumaa, 8 Machi

Langoni Mchunaji hakungoja kupekuliwa. Katoa kisu mwenyewe, kimefungwa gazetini, kanikabidhi. "Nilifika hadi mlangoni kwake jana. Nikamsikia anaimbia mtoto." Basi. Sikujua nimshukuru au nikimbie.

Ndani, kikao cha pili kilipoanza, akavua shati. Mistari sita mgongoni, miwili bado inatoa maji. Msimamizi akageuzia uso dirishani. Nikasema: "Mtazame." Hayo si maneno ya msuluhishi! Nimeegemea, na wote wawili wameona.

Msimamizi akatazama. Muda mrefu. Kisha: "Tuache wawili, dada." Mchunaji akaitikia kwa kichwa. Kanuni inakataza. Ila mapatano ni yao, nilisema mwenyewe!

Nimetoka. Naandika hapa koridoni, goti ndilo meza. Sauti ya Mchunaji, chini sana. Sauti ya Msimamizi — analia? Sasa kimya. Kiti kimeanguka. Hakuna anayepiga kelele. Mlinzi aliyetufuata toka langoni ananitazama, anangoja neno langu. Mkono wangu mmoja uko kwenye kitasa, mwingine bado unaandika: nifungue, au niwaachie?