Kadi ya Mama Ilikuwa Chini ya Zote

Chumba cha uani,
S.L.P. 218.
Jumapili, tarehe 14.

Mpendwa Dada,

Salamu zangu zikufikie ukiwa mzima, wewe, shemeji na mapacha wetu. Kifua cha yule mdogo kimetulia? Mimi mwili hauna neno, ila usingizi wangu siku hizi ni wa mang'amung'amu. Shangazi, mama yako, anakula, anazungumza, na jana alimwambia muuguzi kwamba kifungo cha gauni lake kimeshonwa na mtu mwenye haraka. Kwa hiyo usishtuke kabla hujafika mwisho.

Paa la jikoni limezibwa. Cherehani nimeipaka mafuta na kuifunika shuka, kama Shangazi alivyoniagiza.

Najua Sista Mkuu alikupigia simu, akakueleza habari za mguu na kile kidole cha mwisho kilichokatwa, akakuuliza majina ya vidonge ulivyokuwa ukivituma. Hakukueleza habari za karani. Aliniambia, "Hiyo ni yako kuisema." Nimekupigia mara nne, na kila ukipokea nakata. Ndiyo maana naandika.

Kazi yangu ya ukarani pale kwenye dirisha la hospitali unaijua. Napima joto, nauliza maswali ya kwenye kadi, naandika majibu, nagonga muhuri. Joto likifika thelathini na nane, kadi inaingia trei nyekundu na mgonjwa anaonwa kwanza. Likiwa chini ya hapo, trei ya kijani, na mtu anasubiri zamu yake.

Shangazi alichomwa na sindano iliyoanguka chini ya cherehani. Aliichomoa, akaosha mguu, akaendelea kushona. Siku ya tatu mguu ulikuwa umevimba hadi kiatu kinakataa, ndipo akaja. Nilimpima: thelathini na sita nukta nane. Nikamuuliza swali la sita, kama anatumia dawa yoyote.

"Hapana. Fanya haraka, Bwana Muhuri, mguu unanivuta."

Nikaandika hapana. Dada, nilijua si kweli. Kila asubuhi namwona anafungua lile kopo la vifungo, anatoa kidonge kimoja kikubwa cha maumivu na viwili vidogo vyeupe, anavishushia na chai. Lakini tumefundishwa kuandika jibu la mgonjwa, si mawazo ya karani. Niliandika jibu la mgonjwa.

Kuna jingine, na hili halikuwa kwenye mafunzo yoyote. Alikuwa mtu wa tatu kufika. Nilimshusha mwisho, chini ya kadi zote za kijani, ili watu wa foleni wasije wakasema karani anabeba ndugu zake. Hakuna aliyesema wala aliyekuwa na nia ya kusema. Mbele yake akatangulia hata fundi mwashi aliyekuja kubadilisha bandeji ya kidole gumba.

Akakaa kwenye benchi tangu saa mbili hadi saa tano na nusu. Sista alipotoka kumwita mwashi, alimwona Shangazi anavyohema. Akamshika kifundo cha mkono, akahesabu mapigo.

"Kadi ya huyu mama iko wapi?"

"Chini, Sista."

"Chini ya nini?"

"Chini ya zote."

Akaisoma. "Mama, asubuhi umemeza nini?"

"Chai."

"Na nini?"

"Na vidonge vya mwanangu tu."

"Hapa pameandikwa hutumii dawa."

"Ile si dawa, mwanangu. Ni zawadi."

Mwashi akacheka. Sista hakucheka. Alimwingiza ndani kwa kiti cha magurudumu, na kabla ya sindano ya kwanza ya antibayotiki alimuuliza mara mbili kama kuna dawa yoyote iliyowahi kumdhuru.

Baadaye alinieleza taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Kidonge kikubwa kinapunguza maumivu na kushusha joto, kwa hiyo kipimajoto changu kilisoma kazi ya dawa, hakikusoma ugonjwa. Vile vidogo, prednisoloni, vinatuliza uvimbe wa viungo, ila vinaituliza na kinga ya mwili pia. Vidudu vikaingia mguuni mlinzi akiwa amesinzia na king'ora kimezimwa. Hakunifokea. Angenifokea ningelala.

Dada, hakuna anayekulaumu. Vidonge vile vilimrudisha kwenye cherehani baada ya mwaka mzima wa magoti kukataa. Ila tafadhali usitume tena bila Sista kujua. Na Shangazi akikupigia kusema ameacha vyote, mkatalie. Vikubwa vimesimamishwa kabisa, kwa sababu vikikaa pamoja na vile vidogo vinaweza kutoboa tumbo. Vidogo haviachwi ghafla. Mwili ulioletewa kitu miezi minane umesahau kukitengeneza wenyewe, na ukinyimwa kwa siku moja mtu anaweza kuanguka. Vinapunguzwa nusu kidonge kila wiki mbili. Antibayotiki za kumeza nazo zinamalizwa hadi cha mwisho, hata mguu ukipona kabla.

Shangazi anaruhusiwa Alhamisi. Sista amechora jedwali la dawa hizo na kuniuliza kama nitaweza kulishika nyumbani. Niliona aibu. Nikamjibu kwamba yule ni mama yako, na huijui habari yangu. Sasa unaijua. Nitalishika mpaka neno lako lifike. Ukitaka nimkabidhi mke wa fundi viatu, jirani yetu, nitamkabidhi bila kinyongo.

Shangazi mwenyewe nilimwambia yote juzi. Alisema kidole hicho hakikuwa na kazi kwenye pedali, akageukia ukutani. Nilidhani ndiyo basi.

Jana nilikwenda na jedwali na penseli tufanye mazoezi. Nikamuuliza kama ninavyouliza dirishani, "Shangazi, unatumia dawa yoyote?"



"Kwani wewe hujui?"

"Najua."

"Basi leo andika unachokijua, Bwana Muhuri."

Nikaandika.

Nisalimie shemeji, nibusie mapacha wote wawili, na mama mkwe wako mwambie magoti yake tunayaombea. Mungu awafunike huko mliko na akufanyie wepesi katika kazi zako.

Mdogo wako, akupendaye hata ukikasirika,

Muhuri.